Chaki ya bei nafuu ya mashine ya kukereza mbao: ninunue au nitajuta?

Mkereza_Mbagala
Wakuu, habari za jioni.

Nina mashine ndogo ya kukereza mbao, mtumba, niliinunua mwaka jana kwa jamaa aliyekuwa anahama. Mpaka sasa nakereza mipini ya patasi, michi midogo na vinara vya mishumaa. Sasa kuna dada ana duka la zawadi Mwenge, kaniambia nikimpelekea kalamu za mpingo atachukua hata ishirini za kuanzia. Kalamu inataka tundu la milimita 7 lipite katikati ya kipande, kijibomba cha shaba kiingie humo. Hapo ndipo nimekwama. Sina chaki ya kushikia biti kule kwenye kichwa cha nyuma, kile kisichozunguka. Nilibana kipande kwenye jiliwa nikatoboa kwa drili ya mkono, biti ikaingilia katikati ikatokea ubavuni. Mpingo wenyewe mnajua bei yake.

Leo nimeshinda Kariakoo na Gerezani. Chaki nimeambiwa kuanzia 25,000 mpaka 140,000, na kwa macho yangu zote ni pacha. Ya 25 ina ubaya gani? Na nitajuaje kama itaingia kwenye mashine yangu?

Kijiwe_Nongwa
Chaki boksi zima elfu mbili, duka lolote la madaftari. Au unataka za rangi?

Mkereza_Mbagala
Mkuu, chaki ya drili, yenye meno matatu yanayobana biti. Ya ubaoni niliachana nayo darasa la saba.

Bwana_Venia
Mleta uzi, usianze na bei. Anza na kichwa chako cha nyuma. Rudisha gurudumu, chomoa ile senta yenye ncha, utaona imeacha tundu linaloingia ndani likizidi kuwa jembamba. Hiyo ndiyo tepa ya Morse. Pima mdomo wa tundu kwa venia kalipa, kile kipimio cha taya mbili. Ukipata kama milimita 12 hiyo ni namba 1, kama 18 ni namba 2, kama 24 ni namba 3. Mashine ndogo nyingi za mbao ni namba 2, ila pima, usibahatishe.

Chaki kamili ni vitu viwili, na wengi wanapigwa hapa. Kuna chaki yenyewe, na kuna shafti yake. Shafti ina tepa pande zote mbili: upande mrefu unaingia kwenye mashine, upande mfupi unaingia mgongoni mwa chaki. Hakuna skrubu wala pini, ni msuguano tu ndio unaoshika. Kwa hiyo upande wa mashine unataka Morse 2, na upande wa chaki unataka namba ileile iliyogongwa kwenye chaki. Za Kichina nyingi ni B16. Kubwa zinazobana mpaka milimita 16 mara nyingi ni B18.

Wewe chukua ya milimita 13. Biti zako za kalamu zitaingia, na hata biti kubwa za Forstner, zile za tundu pana lenye kitako bapa, kama ile ya 35 ya kutobolea bawaba za kabati, shina lake ni milimita 10 au chini ya hapo. Ya 16 ni ndefu na nzito, itakula bure nafasi ya kitanda cha mashine, yale mataruma vinapokaa vichwa. Hesabu mwenyewe: chaki, shafti inayochomoza, biti, halafu kipande. Siku ukitaka kutengeneza kinu cha pilipili manga utajikuta kitanda kimeisha, biti bado iko nje.

Mzee_wa_Keko
Vijana, mimi nasema rahisi ni ghali. Nimekaa na mbao tangu mashine zetu zinazungushwa na mota za mashine za kusaga. Chaki ya elfu ishirini na tano ukiibana inashika jino moja, mawili yanaangalia. Tafuta ya zamani iliyotumika, ya Ulaya au Japani, ile nzito. Hata ikiwa na kutu, ikifunguliwa ikaoshwa kwa mafuta ya taa inafanya kazi mpaka wajukuu.

Bwana_Venia
Shikamoo Mzee. Kwa fundi wa chuma nakubaliana nawe kabisa. Kwa mbao nina mashaka. Chaki ikiyumba sehemu ya kumi ya milimita, kwenye chuma ni janga, kwenye mpingo wa kalamu gundi inaziba. Tena hapa chaki haizunguki, kinachozunguka ni kipande. Biti yenyewe nyembamba hivyo, ikishapata kituo katikati inajipinda kidogo na kulifuata tundu.

Hela iliyobaki anunue biti nzuri. Chaki ya 140 yenye biti butu haitoboi mpingo.

Mzee_wa_Keko
Marahaba. Haya, tuone.

Kiboko_ya_Mninga
Mimi naomba kuchomekea hapohapo. Nina drili ya mezani ya zamani, chuma kitupu, ya marehemu baba. Chaki yake meno yameisha. Nimenunua mpya mbili kwa nyakati tofauti, zote hazikai, zinacheza. Hadi nimezungushia karatasi ya bati la soda. Shida nini?

Kijiwe_Nongwa
Soda gani?

Dada_Mpingo
Mleta uzi, nakereza kalamu na vibanio vya nywele huku Tabata, mwaka wa nne huu. Chaki yangu ni ya bei ya chini na bado ninayo. Nikwambie ninavyoangalia dukani, maana muuzaji atakwambia zote ni orijino.

Kwanza ifunge mpaka meno yakutane, kisha ielekeze kwenye mwanga. Yakutane yote matatu kwa pamoja, usione mwanya. Izungushe kola kwa vidole, ifungue na kuifunga yote. Ikikwama mahali halafu ikaachia, weka chini chukua nyingine. Ziko kumi kwenye boksi, fungua hata sita, asikutishe. Halafu shafti: ilaze juu ya kioo cha kaunta uibingirishe, uangalie mwanga chini yake. Iliyopinda inajionyesha hapohapo. Mwisho nenda na biti mpya ya milimita 8 au 10 mfukoni, ibane, zungusha chaki mkononi ukitazama ncha ya biti. Ncha ikichora duara kubwa, muage.

Chukua ya ufunguo. Zile za kubana kwa mkono za bei rahisi zinajikaza zenyewe kazini, siku moja utaomba spana ya bomba kuifungua.

Na hili la usalama, kovu ninalo kiganjani. Kutoboa kunakwenda vizuri, ubaya uko kwenye kutoka. Biti ikijaa unga wa mbao inashikwa na kipande. Wewe unarudisha gurudumu, chaki inabaki imeng'ang'ania kule, tepa inaachia, na chuma kizito chenye ufunguo kama mwiba kinaanza kuzunguka na kipande chako. Kwa hiyo wakati wa kutoa biti shikilia chaki kwa mkono wa kushoto, uisukumie nyuma kwenye kichwa. Ukisikia inataka kuzunguka, achia na uzime mashine, usishindane nayo. Ufunguo usiache kwenye chaki hata sekunde. Mikono mirefu kunja, mtandio vua.

Mkereza_Mbagala
Dada yangu, asante sana. Hilo la kubingirisha kwenye kioo sijawahi kulisikia.

Nimepima, mdomo wa tundu ni 17.8. Kwa hiyo ni namba 2. Jumamosi naingia mjini.

Fundi_Gerezani
Mkuu, kama hela inabana kuna njia ya tatu. Drili ya mkono iliyoungua mota unaipata kwa bei ya kutupa. Chaki yake nzima. Fungua meno yote, chungulia ndani, utaona skrubu. Hiyo inafunguliwa kinyume, kama unakaza. Halafu chaki yenyewe inatoka kwa kulegeza kawaida. Za nusu inchi nyingi ndani zina uzi wa nusu inchi, meno 20 kwa inchi. Kuna shafti za Morse 2 zenye uzi huo mbele, unafunga na kazi imeisha.

Ila usilete chuma kwetu ukasema "nikatie tepa ya Morse" bila sampuli. Namba 2 inapungua milimita moja katika kila milimita 20 hivi za urefu, ukikosea pembe kidogo tu inashika mdomoni, ndani inaelea. Lete senta yako tuige.

Mtaalam_wa_Mambo
Ziada tu kwa wapenda historia: Morse ni mtu, Stephen Morse, Mmarekani aliyepata hataza ya biti ya msokoto mwaka 1863. Na chaki ya meno matatu inayobanwa kwa ufunguo ni ya Arthur Jacobs, Mmarekani pia, hataza ya mwaka 1902. Ndiyo maana wazee wengine wanaiita Jacobs hata kama imetoka Uchina. Jacobs naye ana tepa zake, zinaandikwa JT na namba.

Kijiwe_Nongwa
Tumeshukuru mwalimu. Chaki tumeipata, ubao je?

Mkereza_Mbagala
Mrejesho, na sio mzuri.

Nimenunua Jumamosi. Chaki 30,000 duka moja, ilipita mitihani yote ya Dada_Mpingo. Meno yanakutana, kola laini kama siagi. Muuzaji wa hapo hakuwa na shafti. Nikapata shafti duka la mtaa wa pili, 15,000, imeandikwa MT2 B16, yaani Morse 2 upande wa mashine na B16 upande wa chaki. Nimeibingirisha, imenyooka. Nimefika nyumbani nimeigonga kwa nyundo ya mbao, imeingia. Nimefunga biti, nimetoboa kipande cha msaji cha majaribio. Tundu limetoka pana mdomoni, biti inapigapiga kelele. Nikiishika chaki kwa mkono inacheza. Nimegonga tena, imetulia dakika mbili, ikaanza tena.

Mzee_wa_Keko naomba usiseme kitu.

Mzee_wa_Keko
Sijasema kitu.

Bwana_Venia
Tulia. Usiigonge tena.

Tujue kwanza kosa liko wapi. Weka senta kwenye kichwa cha mbele, sogeza chaki yenye biti mpaka ncha zikaribiane, angalia zimepishana upande gani. Sasa chomoa shafti yote kwenye kichwa cha nyuma, izungushe nusu duara, irudishe. Kama kupishana kumehamia upande wa pili, kosa liko kwenye chaki au shafti. Kama kumebaki palepale, chaki haina hatia, kichwa chako cha nyuma ndicho hakijakaa sawa.

Ukimaliza hiyo, tenganisha chaki na shafti. Ulisafisha tepa kabla ya kugonga? Mpya zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, na tepa yenye mafuta haishiki.

Mkereza_Mbagala
Nimefanya. Kunahama upande wa pili. Kwa hiyo ni chaki au shafti.

Mafuta kweli nilifuta kwa kitambaa kikavu tu. Nimetenganisha kwa kabari mbili kama alivyowahi kunionyesha fundi mmoja, nimeosha kwa thina pande zote, zikakauka, nimerudisha meno ndani yote, nikagonga tena juu ya kibao. Bado inacheza. Kitu kimoja nimekiona: shafti haizami yote. Inabaki milimita tatu hivi nje, na hapo mdomoni naweza kupitisha ncha ya wembe.

Bwana_Venia
Wembe unapita mdomoni? Chukua kalamu ya wino mzito, chora mistari minne kwenye tepa fupi ya shafti, kutoka ncha mpaka shina. Ingiza kwenye chaki kwa mkono, zungusha robo, toa. Wino umefutika wapi?

Na nisomee kila kitu kilichogongwa kwenye mwili wa chaki. Kila herufi.

Mkereza_Mbagala
Wino umefutika kwenye ncha tu, kule ndani kabisa. Huku nyuma mistari iko kama nilivyoichora.

Chaki imeandikwa 1-13mm, halafu nyuma karibu na tundu, maandishi madogo mpaka nimetumia tochi ya simu: JT33. Mimi nilidhani ni namba ya toleo.

Bwana_Venia
Nilijua.

Umeoanisha makabila mawili. B16 mdomoni ni milimita 15.73 na inapungua moja kwa 20, imekatwa kutoka kwenye Morse 2. JT33 ni ya Jacobs, mdomoni ni 15.85 na inapungua haraka zaidi, kama moja kwa 16. Ukizitazama mezani ni ndugu wa tumbo moja. Ukizipachika, shafti inashika kwa ncha kule ndani, huku mdomoni imeachwa inapwaya zaidi ya robo milimita. Ndiyo maana ukigonga inatulia, halafu biti ikisukumwa ubavuni kidogo inaachia.

Chaki yako ni nzima. Shafti yako ni nzima. Haviendani tu.

Dada_Mpingo
Pole mdogo wangu. Na mimi nina kosa, nilikwambia uangalie meno, sikukwambia usome mgongo. Chaki na shafti bora uzichukue duka moja, ukazipachike pale pale kaunta kwa mkono. Zikioana, ukisukuma na kuzungusha kidogo zinashikana, unavuta hazitoki.

Mkereza_Mbagala
Nimerudi kwa muuzaji wa chaki. Anasema kilichopigwa nyundo hakirudi. Sina cha kumlaumu, nyundo nilipiga mimi.

Nimechukua nyingine ya B16, 28,000, hiyohiyo ya Kichina. Tumepachika pale pale kaunta, imeshika mpaka kijana wa duka kashindwa kuichomoa. Jana usiku umeme uliporudi nimejaribu: ncha ya biti na ncha ya senta zinatazamana, kama zinapishana basi ni unene wa unywele. Nimetoboa msaji vipande vinne, safi. Kesho naingia kwenye mpingo. Nipeni neno kabla sijaharibu.

Dada_Mpingo
Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, na unapata joto haraka. Ukishachemka unapasuka, wakati mwingine haupasuki hapohapo, unapasuka kesho yake ukiwa umeshagundisha. Anza na biti fupi nene ya kuweka kituo, usianze na ile ndefu ya 7, itatangatanga. Halafu ingia sentimita moja, toka, futa unga, rudi. Ukiona moshi umeshachelewa. Mashine isiende mbio, mimi naweka kati ya mizunguko 500 na 700 kwa dakika.

Kipande kikate kirefu kuliko unavyohitaji, tundu lisitokee upande wa pili. Likishafika urefu wa kijibomba, kata msumeno hapo, tundu litafunguka lenyewe bila kubanduka vipande. Na vaa barakoa, ile vumbi nyeusi inawasha ngozi na kifua.

Fundi_Gerezani
Na shafti yako kama ina tundu la uzi kule nyuma, usije siku moja ukaiweka kichwa cha mbele bila boliti ndefu ya kuivuta. Huku nyuma unaisukuma muda wote, inakaa. Kule mbele inazunguka na hakuna anayeisukuma, itaruka.

Mkereza_Mbagala
Sita. Tano zimetoka, moja imepasuka, na hiyo nilikuwa na haraka nikaingia sentimita tatu kwa mkupuo. Harufu yake nzuri ajabu ikiungua. Nimeziacha zilale mpaka kesho nione kama kuna nyufa kabla ya gundi.

Jumla nimetumia 73,000, na ya 30,000 imelala kwenye droo.

Mzee_wa_Keko
Sasa naweza kusema?

Mkereza_Mbagala
Sema Mzee wangu.

Mzee_wa_Keko
Lete kalamu moja nione.

Bwana_Venia
Kiboko_ya_Mninga, uko wapi? Ile drili ya mezani ya marehemu baba yako, chaki mpya zinazocheza, zimeandikwaje? Na shina la mashine mdomoni ni milimita ngapi?

Kiboko_ya_Mninga
Nilikuwa nawasoma kimya kimya. Nimetoka stoo sasa hivi. Chaki zote mbili ni B16. Shina la mashine nimelipima, kile kipande cha bati nikakitupa kwanza: 15.8 na kidogo. Ya zamani iliyokufa nimeisugua kutu kwa msasa, mgongoni inasoma 33. Herufi za mbele zimefutika.

Bwana_Venia
Hizo herufi ni JT, bila shaka.

Kiboko_ya_Mninga
Mkereza_Mbagala, hiyo ya kwenye droo unaiachia ngapi?

Mkereza_Mbagala
Haha! 25 mkuu, na ufunguo wake. Imegongwa nyundo mara tano lakini meno mazima. Ijaribu kwanza kwa mkono kwenye shina lako, isiposhika hudaiwi. Nipo Mbagala Rangi Tatu, Jumapili napita Buguruni.

Kiboko_ya_Mninga
Buguruni ndiko niliko. Niandikie pembeni. Nikupe na hizi B16 zangu mbili?

Fundi_Gerezani
Moja ya hizo nione mimi kwanza.